Uzi wa Njano Nyuma ya Picha

Fundi wa nguo akialikwa harusini hamtazami bibi harusi, hutazama pindo la gauni. Ndivyo walivyoumbwa na dawa haijapatikana. Sindano alianza ufundi miguu yake haijafika kwenye pedali ya cherehani, na ugonjwa huo alikuwa nao wa daraja la juu. Aliwahi kumteremsha mteja kwenye basi, nauli keshalipa na dereva keshawasha injini, kwa sababu aliona dirishani kwamba mshono wa bega umepinda kwa unene wa unywele. Basi asilaumiwe kwamba Jumapili ile asubuhi, alipoingia chumbani kwa mchumba wake na shati lililopigwa pasi mkononi, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kugeuza turubai na kulitazama nyuma.

Turubai lenyewe lilikuwa limewambwa kwenye fremu ya mbao, limepakwa weupe mtupu, limeegemezwa juu ya kigoda likisubiri kuchorwa. Mchumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Brashi mpaka jina alilopewa na wazazi likashika kutu, alikuwa bafuni uani. Alisikika akijimwagia maji na kupiga mluzi ule wake wa siku zote, unaopanda vizuri halafu unateleza mwishoni kama mtu aliyekosa ngazi.

Maturubai yote ya Brashi alikuwa anayashona Sindano. Kitambaa kilikuja chembamba, kwa hiyo alikiunga katikati, kisha akakipinda pembeni pande zote nne ili misumari isikichane. Siku zote alitumia uzi mweupe. Siku zote, isipokuwa mara moja. Mvua ilinyesha siku tatu, uzi mweupe ukaisha, na Brashi alikuwa na haraka kama kawaida ya wachoraji, ambao hukaa mwezi bila kufanya kitu halafu wakataka kila kitu kabla ya saa sita. Akamalizia na uzi wa njano uliobaki kwenye mapazia ya mteja. Brashi akacheka, akamuuliza nani hapa duniani hutazama picha kwa nyuma.

Sasa hapa mbele yake, nyuma ya turubai jeupe, palikuwa na uzi wa njano pande zote nne.

Sindano alikaa kitandani taratibu. Juu ya turubai lile Brashi alikuwa amechora picha aliyoiita Wanaongoja: wanawake sita kwenye benchi la zahanati, wametupa mgongo, na wa tatu kutoka kushoto ana futi ya kupimia shingoni. Huyo wa tatu alikuwa yeye. Hakuwahi kupigwa picha iliyompendeza hata moja, ya kitambulisho ndiyo usiseme, lakini mgongo ule aliuona akajiambia kumbe ndivyo ninavyopendwa. Na picha ile iliuzwa. Miezi minne sasa. Brashi alisema imenunuliwa na mgeni, imeviringishwa, imepanda ndege. Sindano akawasimulia mafundi wenzake, na kufikia Ijumaa habari ilikuwa imenenepa kiasi kwamba picha ilikuwa na kiti chake peke yake kwenye ndege, dirishani, na ilipewa soda.

Ndege ilikuwa imetua kimyakimya.

Alikwangua pembe moja kwa ukucha. Weupe ukatoka kirahisi kama unga, na chini yake ikachungulia buluu. Aliijua buluu ile. Ilikuwa kilemba cha mwanamke wa kwanza. Akachomoa sindano aliyoichomeka kwenye kola, maana fundi haendi mahali bila silaha, akafumua kipande cha uzi wa njano, akakizungusha kidoleni mara tatu. Kisha akaligeuza turubai likakaa kama alivyolikuta.

Brashi aliingia na taulo kiunoni, meno yote nje.

"Umekuja mapema, mpenzi. Umeleta shati?"

"Nimeleta." Alimtazama. Maji yalikuwa yanamtiririka mabegani, na ndani ya sikio la kushoto palikuwa na chembe nyeupe, imekauka. "Ile picha ya Wanaongoja, umepata habari zake huko ilikokwenda?"

Macho ya Brashi yaliruka, yakagusa kigoda, yakarudi. Kama asingekuwa anayatafuta asingeyaona.

"Yule mgeni alituma salamu. Ameitundika sebuleni. Anasema kila anayeingia anauliza huyo wa katikati ni nani."

"Mimi si wa katikati. Mimi ni wa tatu."

"Ndiyo huyohuyo."

"Sita hawana katikati, Brashi."

Akacheka, akamwambia leo ameamka na hesabu. Sindano naye akacheka kidogo ili asishtukiwe, akamnyooshea shati, akamkumbusha kwamba nyumbani kwao saa tisa alasiri ndiyo saa tisa, maana baba yake huchukulia dakika kama wengine wanavyochukulia heshima ya mama zao. Alipofika mlangoni aligeuka. Brashi alikuwa amesimama katikati ya chumba, mzuri wa kumuumiza mtu, akifunga vifungo vya shati alilomshonea yeye. Akajiuliza huyu ninayemtazama ni nani.

Ili uelewe kwa nini uzi tu ulimkata miguu, lazima ujue alichokuwa ameweka mezani.

Miaka miwili nyuma Brashi alikuwa na kazi ya kuandika mabango ya maduka. Siku moja akatundika picha kwenye ukumbi wa maonyesho ulio nyuma ya posta, kwa mchezo tu. Akaingia msafiri aliyekuwa anakimbia mvua. Dakika tano baadaye msafiri akatoka na picha kwapani, na Brashi akabaki amekaa sakafuni, kwa sababu alichopewa kilikuwa mshahara wa miezi saba. Kesho yake aliacha mabango. Tangu hapo alikuwa analipia nafasi ya msumari ukutani, analipia fremu, analipia rangi zinazouzwa ghali kuliko manukato, halafu anakaa kusubiri mvua nyingine imlete msafiri mwingine. Mvua zilinyesha. Wasafiri walinunua miavuli. Na kila alipotoka mikono mitupu alisema neno moja: safari hii imekataa, safari ijayo.

Neno hilo lilimchefua baba yake Sindano. Huyu alikuwa mstaafu wa kazi ya kupima mizigo ghalani, akaitwa Mzee Mizani, na miaka thelathini na tano ya kutazama mshale wa mizani ilimwacha hamwamini mtu wala kitu. Mkate akiununua anaupima kwa mkono. Inasemekana aliwahi kupima nzi aliyekuwa ametua juu ya gunia, akamtoa kwenye hesabu. Yeye alisema uchoraji ni kamari iliyovaa kanzu. Samaki, alisema, hanaswi na ndoano, hunaswa na chambo, na ile picha ya kwanza ndiyo iliyokuwa chambo.

Wakati huohuo alikuwa amejitokeza mposaji, mfamasia mpole, ana duka lake, na anajua kukunja barua. Kikao kikaitwa. Na mbele ya wazee, Brashi akiwa amesimama mlangoni viatu mkononi, Sindano alisema maneno ambayo shangazi yake huyakariri mpaka leo: "Nimemchagua huyu, na nimemchagua akiwa mchoraji. Siku atakayotupa brashi ndiyo siku nitakayomtupa yeye." Mfamasia akaoa kwingine, akanenepa.

Na mwezi uliofuata, picha zikaanza kuuzika. Moja kila mwezi. Brashi alileta bahasha kwa Mzee Mizani kama sehemu ya maandalizi ya harusi, na Mzee akazipokea kwa mkono mmoja, akizipimapima hewani.

Kutoka kwa Brashi, Sindano hakwenda nyumbani. Alipitia ukumbi wa maonyesho. Mama mwenye ukumbi alikuwa anapangusa vumbi kwenye fremu, akamkaribisha kwa furaha, akamuuliza hali ya yule kijana wake aliyepotea. Sindano akasema amepotea vipi, si ndiye anayeleta picha hapa kila mwezi. Mama akaacha kupangusa. Alisema kwamba Brashi alikuja miezi mitano iliyopita akabeba picha zake zote, hajarudi. Na kuuza, tangu ile ya kwanza ya siku ya mvua, hajauza hata moja.

"Hata ya Wanaongoja?"

"Ile nzuri ya benchi? Nilimlilia aiache hapa. Akasema ina mwenyewe." Mama alimsogelea, akashusha sauti ingawa ukumbini hakukuwa na mtu ila picha. "Mwanangu, nimewaona wengi. Mchoraji asiyeuza na bado anakula, huwa kuna mama mahali fulani anayemlea. Chunguza."

Sindano alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyebeba maji ya moto. Kichwani alikuwa anafumua na kushona. Fedha zimetoka wapi? Kwenye kamari ya kweli? Lakini kamari haina tarehe. Bahasha zilikuja tarehe thelathini, thelathini na moja, thelathini. Bahati gani hiyo yenye kalenda? Ni mshahara tu unaokuja hivyo. Au mwanamke anayelipwa mshahara, akamgawia. Akamwona mwanamke huyo waziwazi: mrefu, ana gari, nguo zake zimeshonwa na fundi mwingine, na pindo zake zimenyooka. Hilo la pindo ndilo lililomliza.

Saa tisa kasoro dakika moja Brashi alibisha hodi.

Sebuleni walikuwa watatu wa nyumba. Mzee Mizani kwenye kiti chake, amevaa kofia yake ya kijivu yenye tone jeupe juu ya ukingo. Sindano aliwahi kulisugua tone hilo kwa kila aina ya sabuni likagoma, na alipotaka kulijaribu kwa mafuta ya taa, baba yake alimnyang'anya kofia akamwambia aache kama lilivyo. Hakusema ni tone la nini. Shangazi alikaa karibu na dirisha, mwanamke mwenye kikohozi chenye maana: kimoja kwa ndiyo, viwili kwa hapana, na mfululizo kwa mambo ya aibu. Sindano alikaa karibu na mlango, mikono mapajani, uzi wa njano kidoleni.

Salamu zilikwenda, chai ikamiminwa, hali ya hewa ikajadiliwa mpaka ikaisha. Kisha Mzee akasema leo ni siku ya kupanga tarehe, na yeye hapangi tarehe kabla ya kuuliza, maana mzigo hupimwa kabla haujapakiwa, si baada.

"Mwezi huu umeuza nini?"

"Moja, Mzee. Ile ya soko." Brashi alisema bila kusita.

"Kanunua nani?"

"Mwenye hoteli moja."

"Hoteli gani?"

"Ile mpya."

Shangazi akakohoa mara mbili.

"Na mwezi uliopita?" Mzee aliuliza polepole, kana kwamba anaongeza jiwe kwenye mizani.

Brashi alifungua mdomo. Jicho lake, likitafuta mahali pa kupumzika, lilikwenda kwa Sindano kama lilivyozoea, maana kila alipobanwa kwenye nyumba hii macho ya Sindano ndiyo yaliyokuwa mto wake. Leo hayakumpokea. Jicho la Brashi likashuka mpaka mapajani pake, likafika kwenye kidole. Uzi ulikuwa umekaza, ncha ya kidole imeiva.

Aliutambua. Mchoraji anaweza kusahau deni, siku ya kuzaliwa na kula, lakini rangi haisahau. Sindano aliona nyuso zake zikibadilika moja baada ya nyingine, mpaka akabaki na uso ambao pengine ulikuwa wake wa kweli. Hakumsaidia. Alikuwa ameapa njiani kwamba hatatamka neno: akidanganya tena, atasimama, atakwenda chumbani kwake, na asubuhi mfamasia atakuwa si mtu pekee aliyewahi kukataliwa katika nyumba hii.

Brashi aliweka kikombe chini.

"Sijauza, Mzee. Mwezi uliopita sikuuza, na huu sikuuza. Sijauza picha hata moja tangu ile ya kwanza."

Mzee aliinama mbele.

"Na bahasha?"

"Ni mshahara. Napaka rangi kuta. Kampuni ya ujenzi imenichukua, nilianza na zahanati, sasa tuko kwenye madarasa ya shule. Nalipwa mwisho wa mwezi." Alisema maneno hayo akiinamisha kichwa, kama mtu anayekiri kwamba ameua.

Sindano alihisi yule mwanamke mrefu mwenye gari akishuka kichwani mwake na kwenda zake, pindo zikiwa zimenyooka vilevile. Lakini hakuamini upesi. Alimtazama baba yake, akitegemea mshangao. Baba yake alikuwa anavua kofia.

"Miezi minne iliyopita," alisema Mzee Mizani, "nilikwenda zahanati kupima presha. Nikakaa benchini. Juu yangu kuna ngazi, na juu ya ngazi kuna mtu kajifunga kitambaa usoni kama anakwenda kuvunja benki. Likanidondokea tone. Nikataka kumtukana. Halafu huyo mtu akapiga mluzi." Akaujaribu mluzi wenyewe, ukapanda vizuri, ukateleza mwishoni. "Nilipoingia ndani presha ilikuwa juu. Daktari akaniuliza kama kuna jambo linanisumbua. Nikamwambia lipo, liko juu ya ngazi."

Shangazi akaanza mfululizo, na safari hii kilikuwa kicheko.

"Kumbe ulijua, Mzee," Brashi alisema.

"Kila ulipokuja hapa na bahasha yako na mgeni wako wa ndege, nilivaa kofia hii. Nikaiweka hapa, mbele ya macho yako. Nilikuwa nangoja mchoraji, mtu wa kuona, aone rangi yake mwenyewe. Hukuona." Mzee alikung'uta kofia ambayo haikuwa na vumbi. "Mwizi anajificha, namwelewa. Lakini mtu anayejificha kwa sababu ana kazi ya halali, huyo nimelala macho nikijiuliza ana nini. Hebu niambie. Nilikuomba nini mimi zaidi ya mshahara? Ungeniambia siku ya kwanza ningekuchinjia jogoo."

"Sikujificha kwako, Mzee."

Hakumalizia. Alimtazama Sindano, na wote wakamtazama Sindano, na yeye akayasikia maneno yake mwenyewe yakirudi sebuleni kupitia mlango uleule ambao Brashi alisimama siku ile, viatu mkononi. Siku atakayotupa brashi ndiyo siku nitakayomtupa yeye. Alikuwa ameyasema kwa mapenzi. Hakuwahi kujiuliza yanasikikaje kwa mtu ambaye hajauza kitu na ana njaa. Baba yake alikuwa anamtafuta mcheza kamari miaka miwili, na kumbe alikuwa anaishi naye nyumba moja. Ni yeye, Sindano, aliyeweka kila kitu juu ya karata moja, akamfukuza mfamasia, kisha akaiamuru karata ishinde.

Hata hivyo fundi akishona pande mbili hujua pande zote mbili zina makosa yake.

"Ungeniambia ningekasirika," alisema. "Ningekasirika siku mbili. Ya tatu ningekushonea ovaroli. Kazi si kosa, Brashi. Lakini nilikupigia makofi kila mwezi. Nilitembea mtaani nikiwaambia watu niko kwenye sebule ya mgeni ng'ambo." Akamwinulia kidole chenye uzi. "Na mimi nilikuwa chumbani kwako. Umenipaka chokaa ili uongo wako upate nafasi."

"Ni chokaa tu."

"Unasema tu?"

"Namaanisha ni chokaa na maji, si rangi. Juu ya rangi ya mafuta haishiki. Kitambaa kibichi kinaitoa." Alikuwa amesimama sasa, mikono inaeleza kuliko mdomo. "Picha ikishauzwa haiwezi kuonekana chumbani. Nilishindwa kuichoma, na kuipaka rangi ya kweli nilishindwa. Kila nilipokuja kukwambia nimeuza, nilikwenda nyumbani nikakufunika. Ni kama kufunika maiti ya mtu ambaye hajafa. Sindano, hakuna hata moja iliyopotea. Zote zipo."

Sindano alimtazama. Alikuwa amemwamini mara nne kwa maneno matamu zaidi ya hayo.

"Tutaona," alisema, akaenda jikoni kuchukua kitambaa.

Walikwenda wote wanne, maana Mzee Mizani alisema kitu kisichopimwa mbele yake hakijapimwa, na shangazi alisema hawezi kuachwa nyumbani jambo likiwa limefika patamu. Mitaa miwili walitembea, Sindano mbele na kitambaa kibichi mkononi kikidondosha maji, na majirani wakaacha walichokuwa wanafanya.

Chumbani hakumngoja mtu. Alisimama mbele ya kigoda, akafuta.

Kwanza kilitoka kilemba cha buluu. Kisha bega la mwanamke wa pili, na mtoto aliyelala juu yake. Chokaa ilikuwa inashuka mkononi mwake kama maziwa, inamwingia mikononi mwa gauni, naye hakujali, mwanamke ambaye tone la chai kwenye nguo humkosesha chakula cha mchana. Akafika wa tatu. Ikatoka futi, imening'inia upande mmoja kama anavyoizoea. Ikatoka shingo. Ukatoka mgongo wake, umeinama kidogo, mgongo wa mtu aliyechoka ambaye mtu fulani alikuwa anamtazama kwa huruma na hakumwambia.

Hakugeuka. Hakutaka waone uso wake.

Mzee Mizani alisogea mbele, akavaa miwani. Alitazama benchi kwa muda ambao gunia zima lingepimwa. Huenda aliwakumbuka waliokaa naye siku ya presha, huenda alimwona binti yake kwa nyuma kwa mara ya kwanza akajua amekua. Alipozungumza alikohoa kwanza, kikohozi cha ukoo.

"Hii unauza kiasi gani?"

Brashi alishika ukuta. Miaka miwili alikuwa amesubiri mtu amuulize swali hilo, na sasa limeulizwa na kinywa cha mwisho duniani. Kabla hajapata sauti, Sindano alijibu, mgongo ukiwa bado umewaelekea.

"Haiuzwi, Baba."

"Nalipa taslimu."

"Hata hivyo."

Mzee akavua miwani, akamgeukia dada yake. Alisema mnaona sasa, mteja wa kwanza kaingia na fedha mfukoni, hata mvua hainyeshi, na anafukuzwa. Alijua tangu zamani kwamba hii ni kamari, ila hakujua kwamba wanacheza wawili. Akamwambia Brashi aje Jumamosi wapange tarehe, na aje na ovaroli, anataka kuiona. Shangazi alikohoa mara moja, kwa sauti, asije mtu akasema hakusikia. Wakaondoka, na mluzi wa Mzee ukasikika ukipotea uani, unateleza mwishoni.

Walipobaki wawili, Brashi alimshika mkono kwa uangalifu na kuanza kufungua uzi, akimwambia damu haipiti kidoleni. Sindano akauvuta mkono.

"Uache. Utatoka siku utakayoniletea kitu cha kuweka mahali pake."

"Nitaleta."

"Usiniambie umeshanunua."

"Sijanunua."

"Vizuri. Hilo naliamini." Alikwenda ukutani ambako maturubai matatu meupe yalikuwa yameegemezwa, akalichukua la kwanza. "Hii ilinunuliwa na nani?"

Brashi alijikuna sikio. Chembe nyeupe ikadondoka. "Na hakimu."

"Na hii?"

"Na rubani."

"Yule wa ndege ya kwanza?"

"Mwingine."

Alijizuia kucheka, akashindwa kidogo, akajikaza. Alikisuuza kitambaa, akamtupia kifuani kikamlowanisha shati lote alilolipiga pasi asubuhi.

"Futa," alisema, akaketi kitandani. "Wewe futa, mimi nakutazama."

Akamtazama. Kwa saa nzima picha zilitoka kwenye weupe moja baada ya moja, na fundi hakutazama pindo hata moja.